Nani Aliyetengeneza Gari Lako?
Mazungumzo kwa wamiliki wa magari, mafundi na wauzaji wa vipuri



Nimeombwa nizungumzie ununuzi wa vipuri, na ningeweza kuanza moja kwa moja kwa kuwatajia dalili za pedi ya breki bandia. Nimeona heri nianzie mbali kidogo, huko Japani, alfajiri ya Jumamosi tarehe 1 Februari 1997, kwa kuwa bila kisa cha siku ile maswali mengi yanayoletwa katika dawati letu la malalamiko hayajibiki sawasawa.

Alfajiri hiyo moto ulizuka katika kiwanda cha kampuni ya Aisin mjini Kariya, mkoa wa Aichi. Pamoja na vitu vingine, kiwanda hicho kilitengeneza vali ndogo inayogawa msukumo wa mafuta ya breki kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ili gari lisiserereke dereva akanyagapo breki kwa nguvu. Ni kitu kinachoenea kiganjani. Lakini karibu magari yote ya Toyota yaliyokuwa yakiundwa nchini humo yalitegemea vali za kiwanda hicho kimoja, na akiba iliyokuwapo mahali pa kuunganishia magari ilitosha kwa saa chache tu, kwani desturi ya Toyota ni kupokea vipuri kadiri vinavyohitajika, bila kuvirundika ghalani. Katika siku chache sehemu kubwa ya mitambo ya Toyota nchini Japani ilikuwa imesimama. Wafanyakazi walikuwapo, mabati yalikuwapo, injini zilikuwapo. Vali ndiyo iliyokosekana.

Kilichofuata ndicho kilichowafanya wataalamu wa viwanda wakiandike kisa hiki hadi leo. Viwanda zaidi ya 60, vingi vyao havijawahi kutengeneza vali hiyo, vilipewa michoro na kuanza kuichonga kwa mashine zozote vilizokuwa nazo. Mmojawapo ulikuwa wa Brother, kampuni inayofahamika kwa cherehani. Vali za kwanza zilifika baada ya siku chache, na baada ya juma moja hivi kazi ilikuwa imerudia hali yake. Hapakuwa na muda wa kukaa kwanza na kubishana juu ya bei. Watu wale walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka mingi, na kila mmoja aliamini kwamba hesabu itatengenezwa baadaye kwa haki.

Basi nikikuuliza ni nani aliyetengeneza gari lako, usiwe mwepesi kunijibu kwa kusoma jina lililo kwenye boneti. Toyota wenyewe husema kwamba gari moja lina vipande kama 30,000, ukihesabu hadi skrubu ndogo kabisa. Vingi katika hivyo hutoka kwa wagavi, yaani viwanda vingine vinavyokiuzia kiwanda kikuu. Vifaa vya umeme na ubaridi huenda vimetoka kwa Denso, kampuni iliyojitenga na Toyota mwaka 1949. Taa huenda zimetoka kwa Koito, shokapu kwa KYB, giaboksi kwa Aisin, breki kwa Advics. Jina la boneti ni la mwenye kuchagua, kuunganisha na kuwajibika.

Tena msidhani kwamba mgavi ni mtumishi anayepokea mchoro na kuufuata kama ulivyo. Nchini Japani zimekuwapo njia mbili kwa muda mrefu. Kuna mchoro unaoazimwa, ambapo kiwanda kikuu huchora na mgavi hutengeneza. Na kuna mchoro unaoidhinishwa, ambapo kiwanda kikuu hutaja mahitaji tu, mathalani uzito, nafasi, nguvu na bei, kisha mgavi hubuni na kuchora mwenyewe na kuomba idhini. Katika njia hii ya pili ujuzi wa undani wa kifaa hukaa kwa mgavi. Kiwanda kikuu huweza kuwa kinauza kitu ambacho wahandisi wake hawawezi kukieleza chote bila kumpigia simu aliyekichora. Tafadhali mlikumbuke jambo hili. Tutalirudia tutakapofika kwenye mfuko wa hewa.

Sasa niseme kuhusu moduli. Zamani gari liliungwa kipande kwa kipande kwenye mstari mmoja. Siku hizi mgavi huunga kwanza fungu zima kwake, labda dashibodi pamoja na nyaya, saa na mirija yake, au sehemu yote ya mbele yenye taa, redieta na feni, kisha hulileta likiwa limekamilika, likapachikwa kwa boliti chache na soketi mbili tatu za umeme. Fungu hilo ndilo moduli. Waliofika mbali zaidi katika njia hii ni Volkswagen, katika kiwanda chao cha malori na mabasi kilichofunguliwa Resende, Brazil, mwaka 1996. Humo wagavi wenyewe waliingizwa ndani ya jengo, kila mmoja akakabidhiwa eneo lake, na wafanyakazi wa mgavi ndio waliofunga moduli yao kwenye gari. Mwenye jina alibaki na usanifu, ukaguzi na mauzo, na wagavi walilipwa kwa magari yaliyokwisha kupita ukaguzi. Mtu aliyeingia humo angeweza kutembea kutoka chesisi tupu hadi lori zima bila kuona mkono wa mfanyakazi wa Volkswagen ukikaza boliti.

Mambo haya yanatuhusuje sisi tunaonunua magari yaliyokwisha kutumika huko kwao?

Kwanza yametufaa, na ni haki tuseme hivyo. Injini ya 1NZ-FE imefungwa katika Probox, Raum, Ist, Fielder na baadhi ya Allion na Premio. Mwenye Raum iliyoharibika mjini Kigoma hupata plagi, filta na mkanda kwa sababu Probox za biashara zimejaa mjini humo. Kutumia fungu moja katika magari mengi ndiko kulikofanya vipuri vya baadhi ya magari viuzwe hadi vijijini, na kukawafanya vijana wetu wa gereji wawe mabingwa wa injini moja waliyoizoea kama vidole vyao. Volkswagen tangu 2012 na Toyota tangu 2015 wameupanua utaratibu huu hadi kwenye sakafu ya gari na mifumo yake, na magari hayo yameanza kushuka bandarini kwetu.

Hata hivyo kufanana kwa injini kusiwahadae. Mimi mwenyewe niliwahi kununua pampu ya mafuta kwa kuambiwa kwamba injini ni ileile, nikafika gereji tukakuta soketi ya umeme ina tundu tofauti. Gari lilikuwa la jina lilelile na injini ileile, lakini la miaka ya baadaye, na moduli ya pampu ilikuwa imebadilishwa katikati ya uhai wa gari hilo. Muuza duka alikataa kuirudisha kwa kuwa karatasi ya mfuko ilikwisha kuchanwa. Nilikuwa na stakabadhi iliyoandikwa “pampu”, basi. Haikutaja gari, mwaka wala namba. Nilishindwa, na nilistahili kushindwa.

Pili, moduli imehamisha gharama. Kiwandani ni nafuu kufunga fungu zima kwa sekunde chache. Gereji, kitu kidogo ndani ya fungu hilo kinapokufa, mmiliki huambiwa anunue fungu lote. Magari mengi ya zamani yaliruhusu beringi ya gurudumu itolewe kwa mashine ya kukandamiza na kuingizwa nyingine; mengi ya sasa yana beringi na habu katika kitu kimoja kisichofunguliwa. Boljointi, ambayo katika magari mengi ilibadilishwa peke yake, katika mengine huuzwa pamoja na mkono mzima unaoishika. Filta ya mafuta iliyokuwa ikionekana karibu na injini imehamia ndani ya tangi, pamoja na pampu. Sikio la plastiki la taa likivunjika kwa ajali ndogo ya foleni, taa nzima hununuliwa.

Kwa hiyo si kila fundi anayekuambia ununue kitu kizima ni mwizi. Nasema hivi kwa sababu malalamiko ya namna hiyo tunayapokea mengi, na mara kadhaa tumekuta fundi amesema kweli. Mwulize akuonyeshe kitu chenyewe kikiwa nje ya gari, na akuonyeshe mahali kinapogoma kufunguliwa. Fundi mwema hapungukiwi na kitu kwa kuulizwa. Vilevile wapo mafundi wetu hodari wanaobadilisha boljointi ambayo kiwanda hakikukusudia ibadilishwe, kwa kukata na kuchomelea. Ustadi wao nauheshimu, lakini kazi hiyo sishauri ikubaliwe katika usukani, breki na magurudumu. Katika kitasa cha mlango, fanyeni mpendavyo.

Tatu ni namba. Kila kipuri cha kiwanda kina namba yake, na namba hiyo ni ahadi: vitu viwili vyenye namba moja viwe sawa. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliita magari madogo yapatayo milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya kuwashia gari iliyotengenezwa na mgavi wake, Delphi. Swichi hiyo ilikuwa laini mno. Uzito wa ufunguo, au goti likiigusa, vilitosha kuirudisha nyuma gari likiwa mwendoni. Injini ilizimika, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa haikufunguka gari lilipogonga. Mfuko wa fidia uliowekwa na kampuni hiyo ulikubali vifo 124. Ubaya zaidi ni kwamba miaka kadhaa kabla ya hapo swichi ilikwisha kurekebishwa kimyakimya kwa kuongezwa urefu wa springi na pini yake, bila namba ya kipuri kubadilishwa. Waliochunguza magari walishindwa kuelewa ni kwa nini magari ya miaka ya mbele hayana kasoro ya magari ya nyuma, ilhali karatasi zilisema kipuri ni kilekile.

Siri ilifichuliwa na mhandisi aliyeajiriwa na mawakili wa familia ya marehemu mmoja. Alinunua swichi mpya, akatafuta na nyingine kwenye makaburi ya magari, akazifungua na kuzilinganisha mezani. Kazi hiyo kila fundi aliyemo ukumbini humu anaiweza. Kwa sababu hiyo nawasihi wateja wadai wapewe kipuri cha zamani kila kinapobadilishwa, na kukilinganisha na kipya kabla ya kukifunga, hata kama namba zinalingana.

Na boksi? Watu huniuliza kama kipuri kilichomo ndani ya boksi la mwenye gari na kile kilicho ndani ya boksi la mgavi ni kitu kimoja. Mara nyingi vimetoka kiwanda kimoja, na cha mgavi huwa nafuu kwa sababu hulipii jina la boneti. Mimi ninanunua cha mgavi bila wasiwasi kwa plagi, shokapu na filta, ikiwa muuzaji ninamfahamu. Lakini “mara nyingi” si “daima”: mgavi aweza kuwa na aina moja anayoipeleka kwa mwenye gari na nyingine anayoiuza sokoni. Tena majina ya wagavi maarufu hughushiwa kama yanavyoghushiwa ya wenye magari. Boksi zuri, iwe Gerezani hapa Dar es Salaam au Grogan kule Nairobi, ni karatasi tu. Swali la kumwuliza muuzaji ni hili: kilitengenezwa na nani, namba yake ipi, na utaviandika vyote kwenye stakabadhi? Anayesita katika sehemu ya tatu ya swali amekwisha kukujibu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta.

Mfuko wa hewa, ambao mafundi huuita eabagi, hufunguka kwa nguvu ya kemikali iliyofungwa ndani ya mtungi mdogo wa chuma. Gari likigonga, kemikali huwaka na gesi yake huujaza mfuko kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Takata, kampuni ya Kijapani, ilikuwa miongoni mwa wagavi wakubwa wa mitungi hiyo duniani. Katika mitungi yake mingi ilitumia naitreti ya amonia, kemikali inayotumika pia katika mbolea na katika kupasulia miamba, tena bila dawa ya kufyonza unyevu. Kemikali hii ikikaa miaka mingi mahali penye unyevu na joto linalopanda na kushuka, huharibika. Na siku inapowashwa huwaka kwa ukali kupita kiasi. Mtungi hupasuka, na vipande vya chuma humrukia aliyeketi mbele yake. Watu wamekufa kwa majeraha kama ya kuchomwa visu katika ajali ndogo ambazo wangetoka wakitembea.

Hapa ndipo lile jambo la michoro na moduli linaporudi. Watengenezaji magari 19 waliouza magari Marekani walikuwa wamenunua kwa mgavi huyo mmoja. Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, BMW na wengine, mahasimu sokoni, walikuwa na mtungi wa nyumba moja ndani ya usukani. Mnunuzi aliyehama kutoka jina moja kwenda jingine kwa kutafuta usalama aliweza kuukuta huko alikokimbilia. Marekani peke yake iliamuru mitungi ipatayo milioni 67 ibadilishwe, na duniani hesabu inakaribia milioni 100. Takata ilifilisika Juni 2017. Marekani wamethibitisha vifo zaidi ya 20, na vingine vimetokea Malaysia, nchi yenye joto na unyevu kama huu wetu.

Nasisitiza joto na unyevu. Wakubwa wa usalama barabarani Marekani walipopanga nani ahudumiwe kwanza, waliweka mbele majimbo kama Florida na Texas na visiwa vya Hawaii na Puerto Rico, kwa kuwa huko kemikali huoza mapema. Sasa tazameni ramani yetu: Tanga, Dar es Salaam, Zanzibar, Mtwara, Mombasa, Lamu. Gari lililotumika miaka minane katika baridi ya Hokkaido linakuja kukaa juani, nje, miaka kumi mingine mwambao. Saa ya kemikali ile hukimbia zaidi huku kuliko kule.

Japani imechukua hatua. Tangu Mei 2018 gari lililoitwa kwa mifuko hatari ya namna hii, lisiporekebishwa, halipitishwi katika ukaguzi wake wa kawaida wa barabarani. Lakini gari linalofutwa usajili ili lisafirishwe nje halihitaji kupita ukaguzi huo, na magari yaliyotufikia kabla ya hapo ni mengi, nayo bado yanabeba watoto kwenda shule.

La kufanya ni hili. Soma namba ya chesisi kwenye kibati kilicho ndani ya chumba cha injini au kwenye mlango. Watengenezaji wa Japani wana kurasa za intaneti ambamo namba hiyo huingizwa na jibu hutolewa kama gari limeitwa na kama limerekebishwa. Kurasa hizo huwa za Kijapani. Kama unaagiza gari, mtake muuzaji akuletee jibu kabla hujalipa, kwani yeye yuko kule na kazi hiyo kwake ni ya dakika chache. Kama gari liko hapa tayari, peleka namba kwa wakala rasmi wa jina hilo na udai jibu la maandishi. Ukiambiwa kwamba mfuko ulikwisha kubadilishwa, uliza ulibadilishwa lini, kwa sababu baadhi ya mitungi iliyowekwa mwanzo ilikuwa ya Takata ileile na ikabidi ibadilishwe tena.

Msinunue mfuko wa hewa wa mtumba. Nalisema hili nikijua kwamba wauzaji wa vipuri wamo humu na ni ndugu zangu. Bampa la mtumba, mlango wa mtumba, hata injini ya mtumba, sina ugomvi navyo. Mtungi wa mfuko wa hewa uliotolewa kwenye gari lililovunjwa hamwezi kuujua umri wake wa ndani kwa macho, na hakuna fundi yeyote, hata awe hodari vipi, anayeweza kuupima bila kuulipua.

Wala msidanganywe na taa ya dashibodi. Taa ile hupima njia ya umeme tu. Haijui kemikali imeoza au haijaoza. Tena wapo wanaotoa mfuko na kuunga rezista mahali pake ili taa izimike, kisha gari likauzwa kwa mtu mwingine aliyeona kimya cha taa akafurahi. Jambo moja mnaweza kulijaribu bila gharama. Ufunguo unapogeuzwa hadi mahali pa kuwasha taa, kabla injini haijaungurumishwa, taa ya mfuko wa hewa yapaswa iwake kwa sekunde chache kisha izimike yenyewe. Isipowaka kabisa, huenda mtu amekwisha kuigusa. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu na mifuko huenda isifunguke siku ya siku.

Ndugu Mwenyekiti, nimeona uani magari kama ishirini. Kabla ya maswali naomba tutoke nje na funguo zetu, tuanze na gari langu.